Kilomita 18 bila kumkumba mtu: mbio ndefu za jioni Mnazi Mmoja

Watu wa mbio hupenda kusema kwamba mbio ndefu zinataka barabara tupu. Sisi wa Unguja mjini, tunaokaa Kikwajuni, Kisiwandui na Michenzani, barabara tupu tutaitoa wapi? Tulichonacho ni viwanja vya Mnazi Mmoja, na mbele yake Maisara, na ikifika saa kumi na nusu jioni hapo pamejaa kama sokoni Darajani siku ya kuamkia sikukuu. Mpira unachezwa huku na kule, kikundi cha mazoezi kinafuata filimbi, watoto wako juu ya baskeli, mume anamkimbilia nyuma mkewe anayejifunza vespa, wazee wanatembea kwa amri ya daktari, na mwenye dele la kahawa anawapitia wote akigonganisha vikombe.

Miaka ya mwanzo niliingia humo kama mtu anayekwenda kugombana. Kila aliyenikata njia nilimhesabu. Nikirudi nyumbani miguu imechoka, na roho imechoka zaidi. Siku hizi nakimbia kilomita 18 humo humo na sina haja ya kuhamia kwengine, maana nimekuja kuona kwamba lile kundi la watu linanifanyia kazi ambayo mimi mwenyewe nilishindwa: linanizuia nisiende kasi. Mbio ndefu zinataka mwendo wa polepole, na mimi nikiachiwa barabara tupu sijui kwenda polepole.

Maelezo haya ni ya mtu ambaye tayari anakimbia kilomita nane au kumi bila taabu, na anajiandaa kwa nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kama ndiyo kwanza unaanza, kimbia nusu saa mara tatu kwa wiki, miezi miwili mitatu, kisha urudi hapa.

1. Anza na saa

Jioni yetu ina nafasi moja tu, baina ya alasiri na magharibi. Unasali, unavaa, unafika kiwanjani kwenye saa kumi na robo. Juni jua huzama mapema, kiasi cha saa 12 na dakika 15; Februari husogea hadi karibu saa 12 na dakika 45. Kwa hiyo una saa mbili, pengine na dakika 20 juu yake. Anayekwenda kilomita moja kwa dakika saba atamaliza 17 ndani ya saa mbili. Hesabu hiyo ifanye nyumbani, usingoje adhana ikukute umebakiwa na mizunguko minne.

Miezi ya kaskazi ni shughuli nyengine. Januari na Februari saa kumi jua bado linachoma na hewa imeloa. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho linachuruzika tu mpaka kwenye soksi na joto linabaki ndani. Hilo halina ushujaa. Punguza urefu au hamia alfajiri, ambayo nitaigusa mbele. Upepo wa kusi ukishika, Juni mpaka Agosti, ndio msimu wetu wa kurefusha.

Masika nayo ina lake. Mahali hapa ni bondeni. Zamani mkono wa bahari ulikuwa ukiingia upande huu na kuutenga Mji Mkongwe na mtaa wa pili, ndiyo maana ule wa pili ukaitwa Ng'ambo. Mvua ikipiga siku tatu, maji yanakumbuka njia yake. Ukiona vyura, kimbilia pembezoni mwa barabara, upande wa kulia, ili gari zinazokuja uzione usoni.

Jengine: ulizia ratiba. Maisara ndiko yanakosomwa Maulidi makubwa ya Mfunguo Sita, na siku za sikukuu watoto wanakuwa wengi kuliko nyasi. Siku kama hizo pumzika tu.

2. Pima mzunguko wako mwenyewe

Usichukue kipimo cha mtu. Mmoja anapita ndani ya miti, mwengine nje ya magoli, na kwa mizunguko 20 tofauti hiyo inafika kilomita nzima. Simu nayo hupotea kwenye kona na chini ya miti. Njia ninayoiamini ni ya baskeli: funga kitambaa chekundu kwenye spoki, sukuma baskeli polepole juu ya njia utakayokimbia, na hesabu kitambaa kinapofika chini. Tairi la inchi 26 huenda mita mbili na kidogo kwa kila mzunguko. Ili uwe na uhakika, lipime kwa uzi kwanza. Watu watakuuliza unatafuta nini. Waambie.

Wangu, ninaoupitisha nje kabisa ya mistari ya mpira, ulitoka mita 900. Mizunguko 20 ni kilomita 18.

Kama wiki iliyopita mbio yako ndefu ilikuwa kilomita 12, wiki hii iwe 13, ukijisikia sana 14. Kila wiki ya nne irudishe chini, mwili upate kushona ulichokichana. Na kila mizunguko mitano geuza upande, maana kwenye kona miguu haibebi sawa, na goti moja litakuja kukwambia Jumatatu kwenye ngazi.

3. Kula na kuvaa

Chakula cha mchana ule saa saba, kisiwe kizito. Maharage ya nazi yaache usiku. Niliwahi kuyala saa nane, na nilipofika mzunguko wa sita nilikuwa najua choo cha kila msikiti ulio karibu. Saa tisa na nusu ndizi moja mbivu au tende tatu zinatosha.

Bukta ishuke magotini, hapa ni kwa watu. Dada zangu wanaokimbia hapa wengi huvaa suruali pana, fulana ndefu na mtandio wa kitambaa chepesi usiofunguka kwa upepo. Rangi nyeupe au ya kijivu, nyeusi inakusanya joto. Mafuta ya mgando pakaa mapajani, kwapani, na wanaume wasione haya kupakaa kifuani, maana fulana iliyoloa jasho kwa saa mbili inachubua mpaka damu. Raba mpya usizizindue siku ya mbio ndefu.

4. Maji yawekwe amana

Kubeba chupa mkononi kwa saa mbili kunapinda bega. Kuiacha chini ya mti ni kuichangia jamii. Mimi chupa zangu mbili namwekea amana mwenye kahawa, yule anayekaa na jiko lake pale wazee wanapocheza bao. Simlipi kwa kunitunzia. Nikimaliza nakunywa kwake vikombe viwili vya kahawa chungu na kipande cha kashata, na hiyo inatosha baina yetu.

Chupa ya kwanza ni maji matupu. Ya pili ninaichanganya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyopanguswa juu, na nusu kijiko cha chumvi. Ni kipimo kile kile wanachopewa wenye kuharisha, na sababu inafanana: maji yaliyotoka mwilini yametoka na chumvi. Kamulia ndimu kama ladha inakushinda. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo nguvu.

Madafu je? Yana potasi kwa wingi, chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo katikati ya mbio ndefu hayatoshi peke yake. Baada ya mbio, hilo ni jambo jengine. Yanywe mpaka ufute mdomo kwa kiganja.

Kunywa mafunda machache kila mizunguko mitatu au minne, kiu isipokuwa kali. Kujijaza lita mbili kwa mkupuo ni hatari pia, chumvi ya damu inazimuka na kichwa kinaanza kuzunguka.

5. Mwendo: salamu ndiyo saa

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wengi wanapoharibu.

Wakufunzi wa mbio husema mwendo wa mbio ndefu ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwenye kukimbia barabara tupu inambidi azungumze peke yake kama mwendawazimu. Sisi hatuna shida hiyo. Hapa huwezi kumpita mtu mzima kimya, utaulizwa umelelewa wapi. Pana mzee mmoja hukaa kwenye ukuta na bakora yake kila jioni. Nikimkaribia:

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu, wajionaje?"

"Mzima, alhamdulillahi. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu ndio huu. Bado mingapi?"

"Bado kumi na moja!"

"Haya, Mungu akupe nguvu."

Yote hayo yanamalizika ndani ya hatua kama 20. Nikiweza kuyasema yote na sauti yangu ni ile ile ya barazani, mwendo ni wa sawa. Nikijikuta naitikia kwa kuinua mkono tu, nimezidisha kasi, napunguza hapo hapo. Na ile "Mzima, alhamdulillahi" ikianza kukatika katikati kabla ya mzunguko wa kumi, najua siku hiyo sitafika 20, na sibishani. Mizunguko ya mwisho salamu zitafupika kwa kila mtu, hilo ni la kawaida. Mzee anajua. Ikifika wa kumi na saba haulizi tena mguu wake umeulizwa au haukuulizwa.

Kuna mtihani mmoja. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila anayekimbia hapa ni Simbu. Watoto wanakupokea kwenye kona, "Simbu! Simbu!", wengine wanakukimbilia pembeni bila viatu, wanakupita, wanageuka kukucheka. Miguu inataka kuwajibu. Usiwajibu. Wao wamebakiwa na mita 50, wewe kilomita tisa. Simbu mwenyewe siku ile alishinda kwa tofauti ya sehemu tatu tu za mia za sekunde baada ya kukimbia saa mbili, dakika tisa na sekunde 48. Mtu wa kumaliza hivyo hakuzitapanya pumzi zake mwanzoni kuwafurahisha watazamaji.

6. Kupita watu

Tuna neno letu la zamani la kupitia, nalo linafanya kazi kuliko kengele: simile. Hamali wa Darajani na bandarini wanalitumia na mizigo yao mpaka leo. Liseme ukiwa umebakiwa na hatua kumi, kwa sauti ya kawaida, na utaje upande: "Simile, napita kulia!" Ukilisema sikioni mwa mtu ataruka, na ataruka upande ule ule unaopitia wewe.

Wanaotembea wanne wamepangana safu moja, usijipenyeze katikati. Zunguka. Hatua nne za ziada ni nafuu kuliko kumgonga bibi.

Mtoto mdogo usimwambie simile kabisa, halielewi, atasimama kukutazama. Punguza mwendo mpaka uone amekwenda upande gani. Penye baskeli ya mtoto anayejifunza hesabu kwamba hana breki.

Kikundi cha mazoezi kinachukua nafasi kubwa, na wakipiga zoezi la kurudi nyuma wanarudi nyuma kweli, macho mbele. Mtazame mwalimu wao. Akiinua filimbi, subiri. Vikundi hivi vina heshima yake hapa kwetu, na kila Januari 1 wanajumuika kwa siku ya mazoezi ya kitaifa. Ukipita uwapigie makofi mawili, mara ya pili watakupisha wenyewe.

Mpira ndio kesi kubwa. Usikate ndani ya mistari hata kama timu zote mbili ziko golini kwengine. Nyuma ya goli pita pale tu mpira ulipo upande wa pili, na macho yasibanduke kwenye mpira. Na ukikujia miguuni, nakuomba kwa dhati, usiupige. Mimi niliupiga. Mzunguko wa kumi na mbili, mpira umekuja unadunda vizuri, vijana wanaita "Mjomba, lete!", nikajiona nina miaka 20. Niliupiga kwa nguvu zangu zote na nikasikia kitu kinakatika nyuma ya paja kama uzi wa kishada. Mpira haukufika hata nusu. Wiki tano sikukimbia, na hao vijana hadi leo wananiita Lete. Mpira uokote kwa mkono, uutupe, au uache waje wenyewe, ndio mazoezi yao.

Ukipita upande wa hospitali, sikiliza gari la wagonjwa. Ukilisikia, toka barabarani kabisa na usimame. Sekunde hizo usizitie kwenye hesabu yako ya muda.

7. Kuhesabu

Mizunguko 20 haihesabiki kichwani, hasa ukiwa unaitikia salamu. Baada ya wa nane utaanza kujiuliza huu ni wa tisa au wa kumi, na nafsi siku zote itakwambia ni wa kumi.

Zamani niliweka vijiwe 20 juu ya ukingo, kila nikipita nakiangusha kimoja. Mbinu nzuri. Siku moja napita naona vimebaki vitatu, nikafurahi sana. Mzunguko wa pili yake nikawakuta watoto wawili wamechimba vishimo mchangani wanacheza bao, kete ni vijiwe vyangu. Sikuwa na la kusema, walikuwa wanacheza vizuri.

Sasa natumia kile kidude cha kuhesabia tasbihi, cha kuvaa kidoleni, chenye kitufe kimoja. Kinapatikana madukani Darajani. Kama nafsi haikuridhii kukitumia kwa mbio, chukua mipira ya kufungia noti, vaa mitano kwenye mkono wa kushoto, na kila mzunguko hamishia mmoja kulia. Ikimalizika, geuza upande wa kukimbia na uanze kurudisha. Hapo umekamata mambo mawili kwa mkono mmoja.

8. Mizunguko mitano ya mwisho

Kichomi kikikushika ubavuni, punguza, toa pumzi kwa nguvu, bonyeza pale panapouma, kitaondoka. Kigimbi kikikaza, simama, egemea mti na unyooshe kisigino chini kwa upole. Usikipige ngumi kama wafanyavyo wachezaji.

Kuna dalili ambazo si za kuvumilia. Ukisikia baridi ilhali jua linawaka, jasho likikatika, ukiona kizunguzungu, au mtu akikusalimia na ukashindwa kujua umjibu nini, mbio zimekwisha. Kaa kivulini, jimwagie maji kichwani, shingoni na kwapani, na umwambie mtu akae nawe. Maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa hayasubiri: nenda hospitali, ipo jirani. Hapo ndipo faida nyengine ya watu wengi inapoonekana. Anayeanguka kwenye barabara tupu anasubiri gari lipite. Anayeanguka Mnazi Mmoja, kabla hajafika chini keshashikwa na watu sita, wawili wanabishana wampepee au wamsomee.

Mzunguko wa mwisho utembee. Mapigo ya moyo yashuke, mwombe mwenye kahawa chupa zako, mjibu mzee kwamba zimetimia.

Kama jioni haikufai

Alfajiri baada ya sala, kwenye saa kumi na moja na nusu, chukua Forodhani badala yake. Bustani ile, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, jioni haikimbiliki hata kidogo. Moshi wa mishkaki, wageni wenye sahani za urojo, vijana wanaojitupa baharini maji yakijaa. Alfajiri ina paka na wafagiaji tu. Peke yake ni ndogo, utapata kizunguzungu cha kona, kwa hiyo ifanye iwe kituo cha mzunguko wa Mji Mkongwe wote: Forodhani, Mizingani, Malindi, barabara ya Darajani, Mnazi Mmoja, Vuga, Shangani, na kurudi. Ni kiasi cha kilomita nne, mara nne unatosheka. Mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, tazama uzio na njia iliyoachwa, usikimbie kwa mazoea. Bandarini chunga malori, yanaanza mapema kuliko wewe. Na ikifika saa moja na nusu uwe umeshatoka Darajani, magari ya samaki hayajui simile.

Ramadhani mbio ndefu ziache. Nusu saa nyepesi kabla ya futari inatosha kuulinda mwili.

Ukifika nyumbani

Kula ndani ya saa moja, chochote chenye wanga na kitoweo; boflo na mayai, muhogo na samaki. Ikiwa urojo ndio unaokuita, kula urojo, umeufanyia kazi.

Usiku huo nyoosha miguu, ulale mapema. Kesho yake tembea dakika 20, usikimbie. Raba ziondoe nyuzi, zisuuze kwa maji baridi ya bomba, maana vumbi la kiwanja na chumvi ya jasho hula kitambaa, zijaze magazeti ndani na uzianike kivulini penye upepo. Juu ya bati usiziweke. Gundi ya soli inaachia kwa joto, nawe utaligundua hilo mzunguko wa saba, Jumamosi ijayo, mbele ya wale vijana wanaoniita Lete.